Nilisoma vitabu 11 vya kutuliza moyo, bado nikamfokea mama. Tuzungumze namna ya kuvisoma vikasaidia

Mshika Kalamu (mleta uzi)

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Uzi huu ni mrefu, naomba mnivumilie. Unamhusu yeyote mwenye vitabu vya kujijenga rafuni au kwenye simu, ambaye amevisoma kweli na kuvipigia mistari, lakini siku hasira au hofu ikibisha hodi anajikuta ni yuleyule wa miaka yote.

Nianze na tukio lenyewe. Usiku mmoja nilikuwa kitandani na kitabu kinachohusu subira. Kilikuwa cha 11 ndani ya miaka miwili, vyote vya mkondo huohuo: kudhibiti hasira, kupunguza wasiwasi, kupata amani ya ndani. Penseli mkononi. Nilikuwa ndiyo kwanza napigia mstari sentensi inayoshauri kuvuta pumzi kabla ya kujibu mtu. Simu ikaita. Mama. Mara ya tatu jioni ile, na jambo lenyewe ni lile tuliloshalimaliza asubuhi. Nikapokea, na kabla hajamaliza salamu nikamkatiza: "Mama, si nimeshakwambia!" Kwa sauti ambayo hata jirani aliisikia.

Pakawa kimya. Kisha akasema taratibu, "Haya mwanangu. Nilitaka tu kukusikia." Akakata simu.

Penseli ilikuwa bado imegusa ule mstari.

Usingizi haukuja usiku ule. Kilichonisumbua zaidi ni kwamba nilikuwa naijua ile sura ya kitabu vizuri kabisa. Ungeniamsha usiku wa manane nikufundishe, ningekufundisha. Elimu ilikuwepo. Ila ilikuwa imekaa mbali, kama ndoo ya maji iliyo nyumba ya tatu wakati moto unawaka jikoni kwako.

Tangu hapo niliacha kununua vitabu vipya. Nikarudi kwenye vile vya zamani nikiwa na swali moja tu: waliotangulia kuandika haya mambo, wao walikuwa wanayatumiaje? Majibu niliyoyakuta yalinibadilisha, na ndiyo nataka kuwawekea hapa.

Epiktetus alizaliwa mtumwa, karne ya kwanza, akaja kuwa mwalimu wa falsafa. Yeye mwenyewe hakuacha kitabu alichokiandika. Mwanafunzi wake Ariano ndiye aliyenakili mafundisho yake, kisha akayafupisha kwenye kijitabu kidogo. Jina la kijitabu hicho kwa Kigiriki lina maana ya kitu kinachokaa mkononi. Hakikukusudiwa kusomwa mara moja kikarudishwa rafuni. Kilikusudiwa kushikwa, kama kisu au fimbo ya safari.

Mwingine ni Marko Aurelio, mfalme wa Roma kuanzia mwaka 161 hadi 180. Maandishi yake tunayoyasoma leo yalikuwa daftari lake binafsi, na sehemu yake aliiandika akiwa vitani huko mipakani. Ukilisoma utaona anajirudia mno. Usivutwe na sifa za watu, kifo kipo karibu, aliyekukosea ni binadamu mwenzako: yaleyale, ukurasa hadi ukurasa. Zamani nilidhani ni udhaifu wa kitabu. Sasa naelewa kwamba mtu mwenye dunia nzima chini ya miguu yake alikuwa anajiandikia jambo lilelile kila mara, kwa sababu kulijua jana hakukumtosha leo.

Wa tatu ndiye aliyenigusa kuliko wote. Abu Zayd al-Balkhi, msomi aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kuhusu afya ya mwili na ya nafsi pamoja, na humo akaeleza hasira, hofu, huzuni na wasiwasi unaojirudiarudia kichwani. Anasema mtu mwenye afya huweka dawa karibu kwa ajili ya dharura ya mwili. Basi vilevile ajiwekee mawazo yenye afya wakati ametulia, ayatumie siku nafsi itakapochafuka. Zaidi ya miaka 1,000 iliyopita! Mimi nilikuwa nikifanya kinyume: nakimbilia kitabu nikiwa nimeshaumia, nasoma haraka nipate nafuu, nikishapoa nakifunga.

Basi hivi ndivyo ninavyosoma siku hizi. Kitabu kimoja. Nasoma nikiwa nimetulia, asubuhi, kurasa mbili tatu. Nikikutana na zoezi, nasimama hapohapo. Sifungui sura inayofuata mpaka zoezi hilo nimelifanya kwa wiki mbili kwenye maisha yangu, si kichwani. Kwa mwendo huu kitabu kimoja kinanichukua karibu mwaka, na wala sioni shida.

Mazoezi mawili ndiyo yaliyonishika. Mengine yapo, lakini haya nitayaeleza kwa kina.

La kwanza ni kuitaja hisia kwa jina lake. Mwaka 2007 Matthew Lieberman na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles walichapisha utafiti ambao watu walionyeshwa picha za nyuso zenye hasira au woga huku ubongo wao ukipigwa picha. Mtu alipochagua neno la kuitaja ile hisia, shughuli ilipungua kwenye amigdala, sehemu ya ubongo inayowaka tunapohisi hatari, na ikapanda kwenye eneo la mbele linalohusika na kujitawala. Neno tu. Si ushauri wala mahubiri.

Sasa mimi nilikuwa na maneno mangapi? Mawili. "Nimekasirika" na "nina stresi." Kila kitu nilikisukumia humo. Siku nilipokaa na daftari nikajiuliza kwa Kiswahili changu nahisi nini hasa, nilishangaa jinsi lugha yetu ilivyo na ghala. Hamaki hupanda ghafla na kushuka ghafla. Ukinyamaza dakika chache imekwisha. Kinyongo hakishuki, kimekaa, na hakitaki pumzi, kinataka mazungumzo na mtu fulani. Dukuduku ni neno ulilolimeza, linakukereketa mpaka ulitoe. Uchungu una jeraha chini yake. Fadhaa ni kutojua pa kushika. Jakamoyo ni moyo kwenda mbio kwa jambo ambalo halijatokea. Kero ni ndogo, lakini kero 10 za siku moja zikikusanyika unaziita hasira na unamtupia mtu asiyehusika. Kila moja ina dawa yake. Mtu mwenye kinyongo ukimwambia avute pumzi unampotezea muda, na mwenye hamaki ukimwambia aende akazungumze sasa hivi unamponza.

Niliandika lile tukio la simu ya mama nikijaribu kulipa jina. Niliandika "hasira", nikaikata. "Kero", nikaikata. Nikaandika mpaka nusu ukurasa, na neno lililotoka mwisho lilikuwa hofu. Mama anauliza jambo lilelile mara tatu kwa siku. Mama ameanza kusahau. Nilikuwa sitaki kulijua hilo, na kila simu yake ilikuwa inanilazimisha nilijue. Vitabu 11 vya kutuliza moyo, na tatizo halikuwa hasira.

Zoezi la pili ni la karatasi. Aaron Beck, daktari wa akili wa Philadelphia, miaka ya 1960 aligundua kwamba wagonjwa wake wenye sonona walikuwa na mawazo yanayojileta yenyewe, yanapita haraka sana, na wao wanayaamini bila kuyahoji. Akaanza kuwafundisha kuyakamata na kuyapima. Tiba iliyokua kutoka hapo ni miongoni mwa zile zilizofanyiwa utafiti mwingi kuliko zote, na vitabu vingi vizuri vya hisia vimechota humo, viseme visiseme.

Namna yenyewe: tukio, wazo, hisia na nguvu yake kati ya 0 na 100, ushahidi unaoliunga mkono lile wazo, ushahidi unaolipinga, kisha wazo lililopimwa upya. Huu hapa ukurasa wangu mmoja, kama ulivyo:

Tukio: nimemsalimia mkuu wa kazi kwenye ngazi, hakuitikia.
Wazo: amenichoka, wanatafuta sababu waniondoe.
Hisia: jakamoyo, 80.
Ushahidi wa kuunga: wiki jana alirudisha ripoti yangu.
Ushahidi wa kupinga: alirudisha ripoti za watu wanne. Alikuwa na simu sikioni. Juzi alinipa kazi ya mwezi ujao, na mtu anayetakiwa kuondolewa hapewi kazi ya mwezi ujao.
Wazo jipya: hakunisikia, au alikuwa na lake.
Hisia: 35.

Angalieni haikushuka hadi 0. Kitabu kinachokuahidi 0 kiogope. 35 inabebeka, unaweza kufanya kazi nayo na kuongea na watu nayo.

Na hili litoke kichwani liingie kwenye karatasi. Kichwani, wazo na jibu lake vinazungukana kama mbwa anayefukuza mkia wake.

Pumzi nitaigusa tu, maana kila mtu anaijua: ivute kwa hesabu ya 4, itoe kwa hesabu ya 6. Ule mtoko mrefu ndio unaopunguza kasi ya moyo. Ila ifanyie mazoezi ukiwa umetulia, mara kadhaa kwa siku, ili siku ya shida mwili uwe umeshaizoea.

Karibuni. Nataka sana kusikia waliojaribu njia hizi, na hasa wale ambao hazikuwasaidia.

---

Ukurasa wa Pili

Mkuu nimesoma mpaka mwisho, nikarudi tena pale kwenye simu ya mama. Kwangu mimi, wa kufokewa ni mdogo wangu. Anapenda kuuliza uliza. Leo nampigia.

---

Fundi Saa

Mleta uzi umeandika vizuri, lakini niruhusu nitofautiane na wewe. Mimi hivi vitabu vimeniumiza. Nilifuata kimoja kilichonielekeza kusimama mbele ya kioo kila asubuhi na kusema "mimi ni mtu wa thamani, napendwa, nina amani." Miezi mitatu sikukosa siku. Kipindi hicho nilikuwa nimepoteza kazi na ndoa ilikuwa inayumba. Kila nilipotamka "napendwa", sauti ya ndani ilijibu "na nani?" Nikawa natoka pale kwenye kioo nikiwa chini kuliko nilivyoingia, na juu yake najilaumu kwamba sina imani ya kutosha. Nani atawajibika kwa watu kama sisi?

---

Mshika Kalamu

Fundi Saa, pole sana, na nakushukuru kwa kulisema wazi. Hukukosa imani. Joanne Wood na wenzake walilipima jambo hilohilo na kulichapisha mwaka 2009. Waliwaambia watu wajirudie sentensi ya kwamba wanapendeka. Waliokuwa tayari wanajithamini walipata nafuu kidogo. Waliokuwa wanajiona duni, yaani hasa wale wanaonunua vitabu vya namna hiyo, walijisikia vibaya zaidi kuliko wenzao ambao hawakuambiwa waseme chochote.

Sababu uliieleza mwenyewe: ile sauti ya "na nani?" Ukiuambia moyo jambo usiloliamini, moyo unaleta mashahidi wa kukupinga. Ndiyo maana napenda zaidi njia ya karatasi, kwa kuwa haikulazimishi kusema zuri. Inakuuliza lililo kweli. Mtu aliyepoteza kazi haandiki "nina kila kitu." Anaandika "nimepoteza kazi, nimetuma maombi manne, jana nimempeleka mtoto shule kwa wakati." Hayo hakuna sauti itakayoyapinga.

Na kwenye kuchagua vitabu, huwa naangalia jambo moja mapema: je, mwandishi anakubali popote kwamba njia yake inaweza isimsaidie mtu fulani? Anayesema inamfaa kila mtu, na ukishindwa kosa ni lako, mimi huyo namrudisha rafuni.

---

Fundi Saa

Nimekuelewa mkuu. Hilo la "kosa ni lako" ndilo lililonimaliza. Leo nitachukua karatasi.

---

Nyota Njema

Mimi nina swali la hasira. Niliwahi kushauriwa nikipandwa niipige mito ya kitanda mpaka niishiwe nguvu, eti hasira ikibaki ndani inaoza. Nimefanya hivyo miaka. Je, ni sahihi?

---

Mzee Daftari

Mwanangu Nyota, hili niache nilijibu mimi, maana nimeishi nalo.

Nilikuwa mtu wa kuvunja vitu. Sikumpiga mtu, lakini vyombo vimekoma. Nilikuwa najiambia nikishavunja naishiwa. Ukweli ni kwamba nilikuwa najifundisha. Kila mara njia ya kutoka kwenye hasira hadi kwenye mkono ilizidi kuwa fupi.

Baadaye nilisoma kwamba mtafiti wa Marekani, Brad Bushman, alilijaribu jambo hilo na wanafunzi 600, matokeo yakatoka mwaka 2002. Walikasirishwa makusudi. Wengine wakapiga gunia la ndondi huku wakimfikiria aliyewakera, wengine wakapiga wakifikiria kufanya mazoezi ya mwili, wengine wakakaa tu kimya kwa dakika chache. Waliopiga wakimfikiria mbaya wao ndio waliobaki na hasira nyingi kuliko wote na walikuwa wakali zaidi. Waliokaa kimya walitoka salama zaidi. Wahenga walisema hasira hasara. Mimi nilichelewa kuelewa kwamba hasara ya kwanza ni kwa mwenye nayo.

Seneka wa Roma ana vitabu vitatu kuhusu hasira tu, na dawa anayoisisitiza ni kuchelewa. Usiamue, usiseme, usitume ujumbe. Subiri. Kwa kuanzia hakuombi usamehe, anakuomba muda wa kupima. Mimi nimejiwekea usiku mmoja. Jambo lolote linalonikasirisha halipati jibu langu mpaka nilale niamke. Yapo mawili tu, katika miaka sita, ambayo asubuhi yalikuwa bado yanastahili maneno makali. Na hayo nikayasema, tena kwa utaratibu, na yakasikika.

Ila kuchelewesha si kumeza. Ukisubiri usiku mmoja, asubuhi urudi kwenye jambo. Usiporudi, kile alichokiita mleta uzi dukuduku ndicho unachokipanda.

---

Nyota Njema

Asante sana mzee wangu. Mito inapumzika kuanzia leo.

---

Msomaji Usiku

Shida yangu mimi ni usiku. Mchana niko sawa, nikizima taa tu mawazo yanafumuka. Najilazimisha nisiwaze, nasema "acha, acha, acha", ndiyo yanazidi. Nimesoma vitabu vya utulivu mpaka saa tisa za usiku.

---

Mshika Kalamu

Msomaji, kwanza huko kujilazimisha kuache. Daniel Wegner mwaka 1987 aliwaambia watu wasimfikirie dubu mweupe, na wapige kengele kila wanapomfikiria. Kengele zililia. Na waliokatazwa kwanza, walipokuja kuruhusiwa, walimfikiria zaidi kuliko ambao hawakuwahi kukatazwa. Wazo ukilifungia mlango linasimama mlangoni.

Kilichonisaidia ni kulipangia wazo miadi. Kila siku alasiri, mbali na muda wa kulala, kaa nusu saa na daftari uwe na wasiwasi kwa makusudi. Andika yote. Kwenye kila moja weka alama: lina hatua ninayoweza kuchukua, au halina? Lenye hatua, andika hatua na siku yake. Lisilo nayo, liache liwe hapo kwenye karatasi. Usiku likija unaliambia, "Wewe una nafasi yako kesho alasiri." Wiki ya kwanza halikubali. Inayofuata linaanza kuzoea.

Na usisome kitandani vitabu vya kutibu usingizi wako. Ukiona dakika 20 hivi zimepita bado macho makavu, inuka, toka kitandani, fanya kitu tulivu kisichosisimua kwenye mwanga hafifu, rudi usingizi ukija. Kitanda kikizoea kuwa meza ya kuwazia, kitakuamsha chenyewe.

---

Nesi Zamu

Wapendwa, nimefurahi na uzi huu, naongeza neno la kazini kwangu maana nawaona watu wanaofika wamechelewa.

Vitabu vinasaidia, na kwa wenye sonona au wasiwasi wa kiwango cha chini hadi cha kati vinasaidia kwelikweli, hasa vyenye mazoezi na hasa kama kuna mtu anayekufuatilia hata kwa simu fupi. Uingereza kuna mpango tangu 2013 ambapo wahudumu wa afya huwaelekeza watu kwenye vitabu vilivyochaguliwa na wataalamu, wakaviazime maktaba.

Lakini kama kwa wiki mbili au zaidi, karibu kila siku na sehemu kubwa ya siku, huzuni haiondoki au mambo uliyoyapenda hayakugusi tena, na usingizi, chakula na kazi vimevurugika, usiongeze kitabu. Muone mtu wa afya. Na kama mawazo ya kutotaka kuishi yanakujia, hata kwa kupita, mwambie mtu leo hii, usikae nayo peke yako, nenda kituo cha afya kilicho karibu hata usiku. Mficha maradhi kilio humuumbua. Nimewasikia wengi wakisema "nilikuwa nasoma kwanza nijaribu mwenyewe." Kitabu hakiwezi kukutazama machoni kikaona kwamba umepungua.

---

Kimya Kingi

Nimekuwa nasoma uzi huu tangu juzi bila kuandika.

Mume wangu alifariki miezi minane iliyopita. Baada ya msiba nililetewa vitabu vitano na watu watano tofauti. Nawashukuru, walinipenda. Lakini karibu vyote vinasema neno moja: achilia. Achilia, achilia. Mimi sikuwa nimeshika kitu jamani. Nilikuwa nimepokonywa. Nikavifunga vyote nikaviweka chini ya kabati.

Mleta uzi, ile karatasi yako nimeijaribu. Tukio: hayupo. Wazo: hatarudi. Ushahidi wa kupinga: hakuna. Sasa mimi nafanyaje?

---

Mshika Kalamu

Dada yangu, pole. Nimesoma ujumbe wako nikasimama, nikatembea kidogo, ndipo nikarudi.

Uko sahihi, na mimi nilipaswa kulisema mapema. Ile karatasi ni ya mawazo yaliyopinda. Wazo lako halijapinda. Ni kweli tupu, na kweli haina cha kurekebishwa. Huzuni ya kufiwa si kosa la akili. Kiswahili kinaita kihoro, simanzi, majonzi. Hakuna hata neno moja kati ya hayo linaloashiria kwamba mtu amekosea mahali.

Kuna jambo moja ninaloweza kuliweka mbele yako, ulichukue au uliache. James Pennebaker, kuanzia mwaka 1986, amechunguza watu wanaoandika kuhusu jambo zito lililowapata: dakika 15, siku nne mfululizo, bila kujali tahajia, bila kumuonyesha mtu. Wengi hujisikia vibaya punde tu baada ya kuandika, machozi hutoka, hilo ujue kabla. Kwa baadhi yao afya huwa bora wiki na miezi inayofuata, na si kwa kila mtu. Ukiona kalamu inakupeleka mahali usipoweza kupabeba, iweke chini. Huvunji sharti lolote. Na kama kuna mtu wa kukaa chumba cha pili wakati unaandika, afadhali.

Sikuambii uandike ili uachilie. Andika ili liwepo mahali pengine pia, zaidi ya kifuani mwako.

---

Mzee Daftari

Binti yangu Kimya, nami nilimzika mke wangu. Vitabu vyangu navyo vilikaa chini ya kabati, mwaka mzima. Hakuna aliyekupangia muda. Ukitaka kuongea, nipo hapa kila jioni.

---

Ukurasa wa Pili

Nimerudi. Nilimpigia mdogo wangu. Aliuliza kama kuna tatizo, kwa sababu huwa sipigi. Tumeongea saa nzima.

Mkuu mleta uzi, na mama je?

---

Mshika Kalamu

Tulimpeleka kwa daktari, mimi na kaka yangu. Vipimo bado vinaendelea, kwa hiyo sitasema zaidi. Simu zinakuja bado, wakati mwingine mara nne. Nina kijikaratasi nimekibandika nyuma ya simu, kina neno moja nililoliandika kwa mkono: *hofu*. Nakiona kabla ya kupokea. Siku nyingine kinatosha, siku nyingine sauti bado inapanda, na nikijisikia imepanda nasema, "Mama, samahani, nianze tena." Naye anasema haya, anza.

---

Kimya Kingi

Nimeandika jana usiku. Dada yangu alikaa sebuleni.

Nilidhani nitaandika kuhusu hospitali. Nikaandika viatu vyake. Viko palepale mlangoni, kimoja kimelala ubavu kwa sababu alikuwa anakivua kwa kukikanyaga kisigino, nami nilikuwa nikimgombeza kila siku kwamba anakiharibu. Dakika 15 zote, viatu tu. Nikalia, nikanywa maji, nikalala.

Leo ni siku ya pili. Dada ameshafika.